Mkono wa Hedley Crowther Uliokataa Kushuka

Hedley Crowther alizaliwa juu ya duka la utumbo. Baba yake alikuwa akiuza utumbo wa ng'ombe na kwato za kuchemsha katika mtaa wa chini wa Ramsclough, mji wa viwanda vya pamba kaskazini mwa Uingereza, na harufu ya siki ilimganda Hedley mwilini mpaka siku alipooa. Nyumbani kwao hapakuwa na muziki wowote. Muziki ulikuwa kanisani, kwa Wamethodisti, ambako kila Jumapili watu wa Ramsclough waliimba kana kwamba Mungu ana tatizo la kusikia. Huko ndiko mjomba wake alikomfundisha kupuliza tarumbeta ndogo. Mjomba mwenyewe hakuwa na meno ya mbele, kwa hiyo alifundisha kwa maelezo tu.

Alipomaliza shule akaajiriwa kuwa kondakta. Hili lieleweke vizuri, maana baadaye magazeti ya London yalilivuruga kabisa: kondakta wa basi, mwenye kofia na mkoba wa ngozi, wa kukata tiketi na kuwaambia watoto watoe miguu kwenye viti. Basi lilikuwa la ghorofa, la kijani, na chini ya dari yake ilipita kamba ya kengele. Kila kituo Hedley alinyoosha mkono wa kulia juu, akavuta kamba, dereva akasikia kengele huko mbele, gari likaondoka. Aliipenda kazi ile. Alikuwa na sheria moja aliyoishika kama dini: basi haliondoki mpaka kengele ilie. Siku moja dereva mgeni aliondoa gari bila kengele, bibi mmoja akiwa bado mguu mmoja ndani na mwingine barabarani, akawa anarukaruka kandokando ya basi na kikapu chake cha mayai. Hedley alilisimamisha gari, akaenda hadi dirishani kwa dereva, akamweleza sheria hiyo kwa upole na kwa muda mrefu sana, abiria wote wakimsubiri.

Kampuni ya mabasi ilikuwa na bendi ya wafanyakazi. Kiongozi wake, fundi wa injini, alihamia Kanada bila kumuaga mtu. Meneja, mtu wa mzaha, akaingia kantini wakati wa chai akauliza kama kuna kondakta yeyote humu, maana kwa lugha ya kwao anayekata tiketi na anayeongoza wapiga muziki huitwa kwa jina moja. Nusu ya chumba wakainua mikono. Halafu wakang'amua utani wenyewe, wakaishusha wakicheka. Hedley alikuwa amejaza mkate mdomoni na hakusikia vizuri. Mkono wake ukabaki juu peke yake.

Ndivyo alivyoanza. Na ajabu ni kwamba aliiweza kazi. Kuwafanya watu waanze pamoja na waishie pamoja lilikuwa jambo alilolifanya kutwa nzima ndani ya basi. Akachukua masomo ya jioni, akajifunza kusoma karatasi zenye mistari ishirini ya muziki kwa wakati mmoja, akavua kofia ya kampuni. Alipofikia umri wa mvi za kwanza, akachaguliwa kuiongoza Okestra ya Ramsclough. Waombaji walikuwa watatu. Mmoja aliugua, na wa pili aliisikia okestra ikipiga, akaondoa ombi lake.

Ilikuwa okestra ya watu wenye kazi zao. Fidla ya kwanza alikuwa Mavis Sugden, karani wa posta, mwanamke mwenye shingo ndefu na uvumilivu mfupi. Tromboni, lile tarumbeta la kuvuta, lilipigwa na Clegg, muuza nyama, mtu mwenye kifua kama pipa. Filimbi alipiga daktari wa meno, na ngoma alipiga mwenye duka la majeneza, ambaye hakuna aliyethubutu kumwambia anachelewa. Hedley hakuwabadilisha sana. Jambo moja tu alilowatia vichwani mwaka hadi mwaka, hadi wakalifanya usingizini: hakuna anayeondoka kwenye noti, ile sauti anayoipiga, mpaka mkono wa Hedley ushuke.

Sasa tuje kwenye tamasha la majira ya kuchipua, katika ukumbi wa mji. Walikuwa wakipiga simfoni ya Mjerumani aliyekufa zamani, kitu cha kelele nyingi na machungu mengi, na mambo yalikuwa yakienda salama kuliko kawaida. Karibu na mwisho kuna mahali ambapo okestra nzima hupiga sauti moja kubwa, huishikilia kidogo, kisha huimalizia mbio. Hedley akapandisha mkono wa kulia kuiita sauti ile. Ikaja, tena nzuri. Akataka kuushusha mkono. Mkono ukakataa.

Alihisi kitu begani kama mlango uliojifunga na ufunguo ukabaki ndani. Akajaribu tena. Wapi. Mkono ulisimama juu kama mlingoti, kijiti chake cha kuongozea kikielekea dari, na mbele yake watu wote wa Ramsclough aliowafundisha sheria yake wakaishikilia noti ile huku wakimkodolea macho. Mwanzoni waliona ni maamuzi yake. Kisha daktari wa meno akaanza kubadilika rangi, akawa mwekundu, akawa wa zambarau. Hedley akainua nyusi kuwaashiria kuwa kuna tatizo. Wao wakaelewa kuwa anataka sauti kubwa zaidi, wakaongeza. Akapunga mkono wa kushoto chini, kwa maana kwamba inatosha. Wakaelewa kuwa anataka sauti ya chini, wakapunguza mpaka ikawa kama pumzi ya mtoto aliyelala. Akashtuka kwa jinsi ilivyopendeza, nyusi zikapanda zenyewe, nao wakapanda nazo. Wapulizaji wakaanza kuvuta pumzi kwa zamu. Clegg peke yake hakupumzika. Mavis Sugden alikuwa akisugua uta wake huku na huku, midomo imebana, macho yake yakimwahidi Hedley mambo mabaya.

Mwishowe alifanya lililobaki. Aliruka kutoka kwenye jukwaa lake dogo, mwili mzima ukashuka, mkono nao ukashuka pamoja na mwili, na okestra ikaona mkono umeshuka. Wakaimalizia simfoni kwa mbio za watu waliofunguliwa gerezani.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Watu walisimama juu ya viti. Mstahiki meya alilia waziwazi. Hedley akawainamia, mkono ukiwa ungali juu, akaondoka jukwaani akiwa kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda haja.

Mavis akamfuata hadi chumba cha nyuma, fidla kwapani.

"Bwana Crowther, pale ulikuwa unatutafutia nini? Kifo?"

"Mkono umekwama, Bi Sugden."

"Umekwamaje?"

"Umekwama tu. Hebu uvute mwenyewe."

Mavis aliuvuta, kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. Haukusogea. Akasema kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane kwamba pole.

Edna, mkewe, alimngoja nje na koti. Koti halikuvalika. Akamtupia begani, wakaenda kituoni, na njia nzima waliokuwa wakitoka ukumbini walimjibu kwa kumpungia.

"Shusha mkono, Hedley. Watu wanadhani unawaaga."

"Siwezi, mama."

"Basi angalau tikisa vidole, tuonekane tuna adabu."

Edna alikuwa mtu wa vitendo. Siku iliyofuata alipasua mikono ya mashati, akashona vifungo pembeni, na akawa anamtundikia Hedley taulo za jikoni zikauke maadamu yuko jikoni. Dawa za nyumbani alizijaribu zote: maji moto, mafuta ya kuchua mgongo, soksi iliyojazwa mchele. Hedley alikuwa pia mjumbe wa kamati ya kanisa, na juma lile kamati ilikutana. Alipiga kura ya kukiuza kinanda kikubwa, halafu akapiga kura kisiuzwe. Aliunga mkono pikiniki ya ufukweni na pikiniki ya milimani siku hiyo hiyo. Mchungaji alipouliza nani atachukua kazi ya kusafisha mifereji ya paa, Hedley alifungua mdomo kueleza hali yake, lakini alikuwa ameshaandikwa.

Mambo yangeishia hapo kama si mwandishi mmoja wa gazeti la Manchester, aliyekuja kwenye tamasha kwa sababu tu mpwa wake alikuwa akiuza programu mlangoni. Aliandika kwamba mtu mmoja huko Ramsclough amesimamisha wakati. Aliandika kwamba mruko ule wa mwisho ulikuwa kauli juu ya anguko la mwanadamu. Hedley alilisoma gazeti mara mbili, Edna akimgeuzia kurasa. Majira yote ya baridi walikuwa wamehangaika na mwanzo wa simfoni ile, pale fidla zinapoingia taratibu, na kwa mara ya kwanza maishani mwao walikuwa wameingia pamoja. Juu ya hilo hapakuwa na neno hata moja.

Tamasha lililofuata ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Hedley aliongoza kwa mkono wa kushoto, lakini wa kulia ungali juu, na okestra haikujua itii upi. Wa kushoto uliwaambia twende; wa kulia uliwaambia kengele bado. Basi kila walipoona shaka walishikilia. Muziki uliopaswa kwisha kabla ya chai uliendelea mpaka watu wakafungua vikapu vyao na kula pale pale. Kampuni ya mabasi ikaongeza gari moja kwa ajili ya wanaochelewa. Clegg alishikilia noti moja mpaka meno yake ya bandia yakatoka na kuingia ndani ya tromboni, na kuanzia hapo sauti yake ikawa na mtetemo ambao gazeti la Manchester liliusifia katika aya nzima.

Ndipo akaja Bwana Peregrine Fanshawe kutoka London, wakala wa wanamuziki, mwenye koti la manyoya na tabia ya kuwashika watu viwiko. Kiwiko cha Hedley kilikuwa juu sana, ikambidi asimame juu ya vidole. Alisema ameshakodi ukumbi mkubwa mjini London. Alisema okestra nzima itakwenda. Alisema ulimwengu umechoka na viongozi wa muziki wanaojua waendako.

"Mimi mkono unaniuma, bwana," Hedley akamwambia. "Kuna daktari nimeambiwa nimwone."

Fanshawe akawa mweupe. Akamsihi, kwa jina la sanaa, asimwone daktari yeyote kabla ya London.

Usiku huo Hedley hakulala vizuri, lakini hiyo haikuwa mpya, maana siku hizo alilala na mkono umeegemea ukuta. Kilichomsumbua si maumivu. Alikuwa amesifiwa na kila mtu kwa jambo moja tu katika maisha yake, nalo ni jambo ambalo hakulifanya. Alipomwambia Edna hivyo, Edna akasema kwamba yeye naye amesifiwa mjini kwa jinsi anavyomvumilia, na kusema kweli hamvumilii hata kidogo, na kesho waende kwa daktari.

Daktari Rahman alitoka Dhaka na alikuwa ameizoea mvua ya Ramsclough kuliko wenyeji. Alimzunguka Hedley, akambonyeza hapa na pale.

"Ulifanya kazi gani ujanani?"

"Kondakta."

"Hiyo najua, mzee wangu, nimekusoma gazetini. Kabla ya hapo."

"Kondakta vilevile. Wa basi."

Daktari akatazama mkono, akatazama dari, akafanya kama anayevuta kamba isiyoonekana. Kisha akacheka mpaka akakaa. Alieleza kwamba bega limechoka kwa kuvuta kengele miaka yote ile, na kijiti kimemalizia tu. Akapiga sindano, akamwambia Edna amshike mumewe kiunoni, akaupa mkono msokoto mmoja. Kikasikika kitu kama karanga inayovunjwa. Mkono ukashuka. Hedley aliuangalia ukining'inia ubavuni kama anamwona ndugu aliyerudi kutoka safari, na jambo la kwanza alilofanya ni kuutia mfukoni.

London walikwenda kwa treni, okestra nzima, na sandwichi za ulimi wa ng'ombe kutoka kwa Clegg. Hedley hakuwaficha. Mle ndani ya behewa aliwaonyesha mkono unavyopanda na kushuka, na wakapiga makofi, Mavis Sugden kuliko wote. Aliyefichwa ni Fanshawe. Alipowapokea kituoni na kuona mkono uko mfukoni, alimkonyeza Hedley na kumwambia anafanya vizuri kuuhifadhi.

Ukumbi wa London ulikuwa na watu wengi kuliko Ramsclough nzima. Walipiga simfoni ile ile. Fidla ziliingia pamoja. Yote yalikwenda kama walivyofanya mazoezi, ambalo ni jambo adimu hata kwa okestra kubwa, na walipokaribia mwisho Hedley aliusikia ukumbi nyuma yake ukijiweka sawa vitini, kama watu wanaoona chakula kinaletwa. Akapandisha mkono. Sauti ikaja. Hapo, akiwa ameuinua, alijua kwamba anaweza kuuacha juu. Hakuna ambaye angejua. Alimwona Clegg amevimbisha mashavu, yuko tayari kwa lolote. Alimwona Mavis akimtazama, na safari hii macho yake hayakuahidi chochote, yalikuwa yakingoja tu.

Akaushusha, pale pale Mjerumani alipotaka ushuke. Wakaimalizia, ikaisha.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu elfu kadhaa walikaa kimya kabisa, vichwa vimeinama upande. Hedley akangoja. Akageuka. Wakamtazama. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alikuwa amefumba macho kwa raha. Ndipo Hedley akaelewa: walikuwa wanadhani bado. Walidhani kimya hiki ndicho noti yenyewe, ameishikilia bila hata kupiga, na hakuna aliyetaka kuwa mjinga wa kwanza wa kuikatiza. Pembeni mwa jukwaa Fanshawe alikuwa amekunja mikono kifuani kama anayesali.

Kimya kikaendelea. Mwenye majeneza akakohoa, na watu kadhaa wakatikisa vichwa kwa kuguswa. Hedley akainama. Hawakutikisika. Mwishowe akasogea ukingoni mwa jukwaa na kusema kwa sauti aliyokuwa akitumia kwenye basi:

"Mabibi na mabwana, tumefika mwisho. Naomba wote mshuke."

Wakacheka kidogo, wengine wakapiga makofi, wengine wakasema wamedanganywa. Mwanamke mmoja ghorofani aliuliza kwa sauti noti iko wapi. Mavis Sugden akasimama na fidla yake, akamjibu kwamba noti imekwisha, na kwamba wao wana treni ya kuwahi na kesho posta inafunguliwa kama kawaida.

Fanshawe alimpita Hedley mlangoni, akamshika Clegg kiwiko. Mwaka ule Clegg alizunguka Amerika yote na tromboni lake akipiga noti moja, na alirudi mnene zaidi, na viatu vya ngozi ya mamba, akafungua tena duka lake la nyama.

Huko Ramsclough ukumbi ulirudi kujaa nusu. Hedley aliongoza miaka mingi zaidi, na hakuna gazeti lililomwandika tena. Mifereji ya paa la kanisa aliisafisha kila vuli, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumfuta. Miguu ilipochoka okestra ikamnunulia kiti kirefu cha baa. Akakizoea, akakizoea mno, mpaka jioni moja, katikati ya kipande laini cha mtu wa Norwei, akasinzia. Aliamshwa na makofi. Okestra ilikuwa imefika mwisho bila yeye, salama, wote pamoja. Akashuka, akainama, akapeana mkono na Mavis kama desturi. Walipofika nyumbani akamwambia Edna kwamba anafikiri wameiva.

Alimwachia Mavis kijiti. Kwenye tamasha la kwanza la Mavis, Hedley alikwenda kama mtu mwingine yeyote, akakaa mstari wa tatu kando ya Edna, na koti magotini. Tangu utoto alikuwa hajawahi kukaa upande ule wa muziki. Sehemu ya kwanza ya simfoni iliposimama kupisha ya pili, pale ambapo kila mwenye adabu hukaa kimya, Hedley akapiga makofi. Alipiga peke yake, kwa nguvu, kwa sababu walikuwa wamepiga vizuri. Watu wakageuka kumwangalia. Edna akamkanyaga mguu.

"Bado haijaisha," akamnong'oneza.

Hedley akasema anajua, akaendelea kupiga.